Pazia la Mwamvita

Kasongo, siku ya Jumanne, baada ya mvua

Mama yangu mupendwa, Mama Consolée,

Yambo, Mama. Yambo tena, maana najua ile ya kwanza hukuitika, ulikuwa ukitafuta miwani. Vaa, kaa vizuri, barua ni ndefu. Umeamkaje? Magoti yanasemaje na mvua hizi? Mihogo ya nyuma ya nyumba imefika wapi, na yule jogoo aliyekuwa akimufukuza katekista bado anaishi ao amekwisha kuingia chungu? Mimi huku niko muzima wa mwili, kwa neema ya Mungu. Dada Pascaline, kila akipanda kilima kutafuta rezo ya telefoni, ananiambia kwamba unakula vizuri, unalala vizuri, na unanisalimia sana. Nimeshukuru. Nitarudi kwa maneno hayo mbele kidogo.

Utashangaa kuona karatasi wakati kila mutu ana telefoni. Sababu iko, utaiona. Nimemupa Yves, yule wa pikipiki anayeleta samaki wa Nyangwe mpaka kwetu Lusangi, nikamwambia aiweke mikononi mwako wewe, si mwa mutu mwingine, hata kama mutu huyo ni dada yangu wa tumbo moja. Alinicheka. Alisema najificha kama mutu anayemuandikia muchumba. Nilimuacha acheke, ndiye mutu pekee aliyenitembelea nyumbani juma hili.

Kazi yangu unaijua nusu tu. Waliponipeleka Kindu kwa mafunzo ya magonjwa ya akili, uliniuliza kama ni malaria iliyopanda kichwani, na Baba akacheka mpaka akakohoa. Hapana, Mama. Ni mutu aliyeacha kulala, ao anayesikia sauti, ao anayekaa tu akiangalia ukuta. Walitupa kitabu cha vigezo, kwa Kifaransa. Hakina dawa nyingi ndani yake, kina dalili. Kwa kila ugonjwa kinakuambia dalili hizi ziwe ngapi, zidumu muda gani, zimuzuie mutu kufanya nini. Na kabla hujaandika jina lolote, uulize kwanza kama si ugonjwa wa mwili, ao kama si desturi ya watu wa pale. Ni kitabu kizuri kwa sababu kinakataza haraka, nami unanijua, kwa haraka hakuna wa kunishinda.

Lakini mutu wa kitabu hicho hana rafiki katika muji huu. Mutu akionekana amesimama nami njiani, kesho watu watauliza nani amerukwa na akili nyumbani kwake. Hata wale niliowaponyesha, tukikutana sokoni wanaangalia nyanya. Wamama wa samaki wananitania, eti nisiwaangalie sana, nitawaandika. Nacheka nao. Halafu narudi kwa chumba changu, natwanga majani ya muhogo, napika sombe ya mutu mumoja, na unajua sombe ya mutu mumoja haijui kuiva, inaungua tu. Jioni nasikiliza redio ya jirani kupitia ukuta, na akizima yeye, nami nimezimiwa.

Basi, wakati wa mvua kubwa alikuja kwenye kituo chetu cha afya muzee mumoja, Abdallah, anayeuza vitenge karibu na soko. Alichagua saa ya sala ya adhuhuri, watu wote wakiwa musikitini, ili asionekane. Aliniambia kwamba mudogo wake amefariki, homa ya siku chache tu, na ameacha muke na watoto wadogo. Muke huyo anaitwa Mwamvita, ni mutu wa Nyangwe, na sasa iko katika eda. Kwetu, Mama, unajua tunalala chini kwenye mikeka siku za kilio, halafu kila mutu anarudi kwa shamba lake. Kwa Waislamu hapa mujane anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila sababu, hajipambi, hajipaki manukato, na wanaume wa nje hawamuoni. Ni heshima kwa marehemu.

Jambo lililomuleta Abdallah ni hili. Wazee wa ukoo walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mujane huyu hana tena akili, kwamba analia bila sauti na kuangalia mahali pamoja. Wakasema kama ni wazimu, hawezi kulea watoto wa ndugu yao. Watoto wagawanywe kwa baba zao wakubwa, naye arudishwe kwao Nyangwe. Abdallah hakupenda. Alitaka mutu wa elimu aje, aangalie, aseme ndiyo ao hapana, na wazee walikuwa wamekubali kufuata neno hilo. Kwa hiyo neno hilo lilikuwa langu, mimi mutoto wako ambaye mpaka leo ananunua viatu visivyomuenea.

Nilikwenda. Waliniwekea kiti kwenye ukumbi, mbele ya mulango wa chumba cha mujane, na juu ya mulango lilining'inia pazia la kitenge chenye ndege wa bluu. Abdallah alinieleza kwamba nyuma yake wako wanawake wawili, Mwamvita mwenyewe na wifi yake Soraya, dada ya Abdallah, maana si vizuri mujane abaki peke yake na sauti ya mwanaume mugeni. Nilisema hakuna shida. Mimi Mukristo, mugeni katika nyumba ya watu, wametandika jamvi na kuniletea chai, ningeanza kwa kuwafungulia pazia? Ulinifundisha mwenyewe kutochungulia vyungu vya watu. Chini ya pazia niliona miguu, jozi mbili. Jozi moja ilikuwa ikichezacheza vidole. Nyingine haikusogea hata inzi alipoikalia. Niliona, Mama. Niliona wala sikufikiri.

Nikafungua kitabu, nikauliza. Je, mama Mwamvita, usingizi iko namna gani? Sauti ikajibu, sauti nzuri, ya mutu aliyezoea watu, kwamba usingizi unakuja, isipokuwa siku za radi. Na chakula? Anakula, mbona hata wali unamuishia mbele ya watoto. Je, anasikia mutu akimuita na hakuna mutu? Akasema hapana, isipokuwa shemeji yake anayedai chai. Nilicheka. Nikauliza kama anajiona hana maana, kama anaona kesho imefungwa. Sauti ikasema kwamba kesho ni ya Mungu. Nikaandika.

Usifikiri nilifanya kazi ya kipuuzi. Nilikaa na kila dalili. Hatoki nje: ni dalili, lakini eda ndiyo inayomuzuia, siwezi kuihesabu. Hajali mavazi: eda tena. Amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda: nani ataipima hamu ya mutu aliyewekwa ndani? Kitabu chenyewe kinasema mutu aliyefiwa usimukimbilie kumuita mugonjwa, huzuni ina haki yake. Nikabaki na zile ambazo eda haina mukono ndani yake, yaani kula, kulala, na kutaka kuishi. Na zote tatu ile sauti ilizijibu vizuri. Hata sahani ilitoka nyuma ya pazia ikiwa tupu, niliiona kwa macho yangu.

Nilirudi mara nyingine, halafu nyingine. Nitakuambia ukweli, nilirudi zaidi ya ilivyohitaji kazi. Ile sauti ilikuwa ikiniuliza kama nimekula. Katika Kasongo nzima hakuna mutu mwingine aliyeniuliza hivyo. Siku moja ilisema kwamba kikohozi changu ni cha mutu anayelala kwenye chumba chenye unyevu, ikaniagiza nikaanike godoro, nami nikalianika. Usianze kufikiri mambo ya harusi, Mama, nakujua. Ilikuwa tu ni raha ya kusikia sauti inayonijibu. Siku hiyo hiyo iliniuliza kama nina mama, nikasema ninaye, yuko Lusangi, ni mujane pia tangu mwaka uliopita, na kwamba iko muzuri, anakula vizuri, analala vizuri. Ikaniuliza ni yeye mwenyewe aliyeniambia? Nikasema hapana, ni dada yangu. Ikaomba ruhusa, ikisema saa ya sala imefika. Mimi nikatazama saa na kuona saa ya sala bado, nikadhani saa yangu imekufa.

Nikaandika karatasi yangu: huzuni ya kawaida, hakuna ugonjwa wa akili. Abdallah aliisoma mbele ya wazee, na wazee wakalikubali neno langu. Watoto wakabaki kwa mama yao. Abdallah alinitumia muchele mweupe wa hapa, nikaupika na kujisifu peke yangu, nikisema angalia Célestin, umeokoa nyumba.

Haikupita muda nikaenda sokoni kununua chumvi. Upande wa wauza muchele, nikasikia ile sauti. Ile ile! Inamuambia muteja kwamba kopo lake limejaa mpaka linafurika, anataka amuongezee nini, damu? Jambo la kwanza lililonijia ni hasira. Aka! Mujane iko katika eda, anauza muchele sokoni mchana kweupe, na mimi nimetia sahihi yangu! Nikapenya katikati ya watu, nikasimama mbele yake, mwanamke munene wa haki, mashavu yanang'aa, nikamuamkia kwa adabu: yambo, mama Mwamvita.

Kopo likamuanguka. Muchele ukamwagika mpaka kwenye viatu vyangu. Hakuwa Mwamvita, Mama. Alikuwa Soraya.

Alimuachia jirani yake biashara, akanivuta nyuma ya maduka, akaanza kulia kabla sijauliza. Alisema kwamba tangu siku ya kwanza ni yeye aliyekuwa akinijibu. Mwamvita alikuwa ameketi pale pale kando yake, nikimuuliza jambo, Soraya anamungojea ajibu, na yeye anaangalia ndege wa pazia tu. Soraya akaogopa. Akafikiri kwamba nikisikia kimya kile nitaandika wazimu, na watoto watagawanywa kama mbuzi. Basi akajibu yeye. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na mara ya tatu alikuwa amekwisha kuizoea kazi hiyo. Sahani alikuwa akiimaliza yeye ao kuwapa watoto. Akaniapia kwamba alifanya hivyo kwa kumupenda wifi yake, na mimi nilimuamini, naamini mpaka leo. Halafu akasema jambo kubwa zaidi: kwamba siku hizi Mwamvita hata maji anayakataa, na yeye Soraya hajui tena amuambie nani, kwa sababu kila mutu anajua Mwamvita ni muzima, muganga amekwisha kuandika.

Nilitaka kumukaripia. Lakini sahihi ilikuwa yangu. Nikamuomba tu anipeleke kwa sheki wao.

Sheki ni muzee mufupi, mukali wa macho. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza nani aliyenifundisha kwamba eda inamukataza mugonjwa kuonwa na muganga. Alisema sheria haijawahi kumunyima mujane tiba, na wako wajane waliozaa ndani ya eda, je, walizalishwa kupitia pazia? Alisema pazia lile ni haya ya watu, na haya ni kitu kizuri, lakini haijui kutibu. Nikajibu kwamba sikuuliza kwa kuogopa kuwakosea. Akasema ndiyo, anaona, heshima yangu ilikuwa nyingi kuliko kazi yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akachukua fimbo yake, tukaenda wote.

Soraya ndiye aliyelifungua pazia kwa mukono wake. Mama, nimeona wagonjwa. Lakini huyu nilikuwa nimeketi mbele yake hatua mbili, juma kwa juma, nikinywa chai. Kanzu yake nyeupe ilimukaa kama imeanikwa kwenye mugomba. Mifupa ya mukono ilikuwa ikihesabika. Midomo imepasuka. Alikuwa amefuata eda yake bila kosa, na watu wa mutaa walikuwa wakimusifu kwamba hajaonekana mujane mwenye uvumilivu kama yeye. Na kweli, kila dalili ya ugonjwa wake ilikuwa na sura ya uvumilivu. Nani atamukaripia mujane kwa kunyamaza? Nani atamuuliza kwa nini hacheki?

Nikaketi chini kwenye mukeka, kitabu nikakifunga, maana maswali nilikuwa nayajua kwa moyo. Nikaanza upya, polepole. Eda inakukataza kutoka, haikukatazi kula. Je, chakula kinashindikana wapi? Eda inakukataza manukato, haikukatazi kuoga, ulioga lini? Eda inakukataza kuolewa, haikukatazi kumubeba mutoto wako, unambeba? Kwa kila moja alitikisa kichwa kidogo sana. Usingizi unamuacha kabla ya alfajiri. Watoto wakimuita anawasikia kama wako ngʼambo ya muto. Anaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mume wake, kwa kuwa siku ya homa alikwenda kwanza kuteka maji. Siku moja baada ya nyingine, tangu kilio. Nilikuwa nahesabu moyoni, na kila kigezo kilikuwa kinaingia mahali pake, na kila kimoja kilikuwa kinaniuma, kwa sababu vyote vilikuwa pale tangu mwanzo.

Likabaki swali la mwisho, lile ambalo hata Kindu wanafunzi walikuwa wakilisoma wakiangalia chini. Nikamuuliza kama anataka kufa. Sheki akainamisha kichwa. Soraya akajifunika uso. Mwamvita alikaa kimya muda murefu, na mara hii hakuna aliyejibu kwa ajili yake. Mwishoe akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba, yenye kutu, kwamba ndiyo. Akasema alikuwa akiomba kila siku aitwe amufuate mume wake. Halafu akaniangalia, akasema kwamba leo ndiyo mara ya kwanza ninamuuliza yeye.

Siku ile ile tulimupeleka hopitali, Soraya nyuma akimushikilia kwenye pikipiki. Walimutia maji kwenye mushipa, daktari akakubaliana nami juu ya jina la ugonjwa, tukaanza dawa, na mimi nilikuwa nikienda kila siku, si kwa dawa tu, ni kukaa naye. Karatasi yangu ya kwanza niliichana mbele ya wazee. Niliwaambia nilikosea, kwamba Mwamvita ni mugonjwa, na ugonjwa huu una mwanzo, una dawa, una mwisho. Niliwaambia pia kwamba mutu anayeumwa na huzuni si mwenda wazimu, na kuwagawa watoto wake itakuwa ni kumumalizia. Niliongea sana, Mama, mate yalikauka. Wa kwanza kusema alikuwa Abdallah, naye hakusema juu ya Mwamvita. Alisema kwamba tangu wamuzike mudogo wake, yeye hajalala hata mara moja mpaka asubuhi, na hakuna aliyemuuliza. Wazee wakaangalia mikeka yao. Watoto walibaki.

Leo Mwamvita anakunywa uji. Eda imekwisha, wanawake walikuja kumuogesha na kumuvalisha nguo mupya, na ametoka mpaka kwenye ukumbi. Bado hacheki. Jana alimugombeza mutoto kwa kuvunja kikombe, na Soraya alikuja mbio mpaka kituoni kunipa habari hiyo kana kwamba ni harusi.

Sasa, Mama, nafika mahali nilipokuwa naogopa kufika.

Siku ile nyuma ya maduka, Soraya aliponirudilia majibu yake yote, anakula vizuri, analala vizuri, nilisimama pale na muchele kwenye viatu, na sauti niliyoisikia masikioni haikuwa ya Soraya. Ilikuwa ya dada Pascaline juu ya kilima. Maneno yale yale, Mama, katika mupango ule ule. Nikahesabu. Tangu Noeli sijaisikia sauti yako. Kila nikiomba kuongea nawe, dada anasema kilima kina utelezi na magoti yako hayawezi, na iko kweli, kilima kina utelezi. Lakini Yves ameniambia, bila kujua alichokuwa akiniambia, kwamba anapita Lusangi kila Jumapili na hakuoni tena kwenye koro ya kanisa, kwamba nyimbo zinaanzishwa na mama mwingine anayezianzisha chini mno. Kwamba shamba la karanga limekuwa majani. Nilimuuliza kama amekuona wewe. Akafikiri, akasema hapana, amesikia tu kwamba uko muzuri.

Simuandiki dada vibaya. Naye anafanya kama Soraya, anakujibia ili nisiache kazi na kuharibu maisha yangu. Na wewe pengine umemutuma ajibu hivyo, nakujua. Lakini mwenye makosa zaidi si yeye. Mimi ndiye niliyependa majibu hayo. Nilikaa mbele ya kilima kile kama nilivyokaa mbele ya pazia, nikinywa chai. Kwa sababu naogopa, Mama. Naogopa kuisikia sauti yako bila kikohozi cha Baba nyuma yake. Tulipomaliza kilio niliwaambia kituo kinaniita, na kituo kilikuwa hakijaniita. Nilishindwa kukaa katika nyumba ile. Na tangu siku hiyo, kila dada akiniuliza hali, mimi pia namwambia niko muzuri, nakula vizuri, nalala vizuri. Si kweli. Naamka kabla ya alfajiri na kuangalia paa. Nguo zangu zimekuwa kubwa. Juzi nilijiwekea kitabu mbele yangu, nikajiuliza maswali kama ninavyowauliza wengine, na nilipofika la mwisho nilisimama, nikakifunga, nikaenda kumuambia daktari. Usishituke. Nilimuambia, hiyo ndiyo habari nzuri. Alinisikiliza, amenianzishia dawa, akanipa likizo, na akaniagiza nisikae peke yangu. Nilimuambia najua mahali pa kukaa.

Kwa hiyo nauliza, na nakuuliza wewe, si mutu mwingine. Unalala, Mama? Unakula kweli, ao sahani inatoka tupu kwa njia nyingine? Bado unamuwekea Baba kiti chake karibu na moto? Ukikiweka si wazimu, usiogope kuniambia, hata kitabu hakikatazi. Wewe unataka kuishi?

Usiandike jibu. Ninakuja. Yves akirudi kutoka kwenu atanichukua kwenye pikipiki yake, kama daraja litakuwa bado limesimama. Nikifika sitaita jina la dada. Nitasimama mulangoni na kupiga hodi, na nitangoja hapo hata mvua ikininyeshea. Dada asiitike. Uitike wewe. Na kama neno karibu litakuwa zito mudomoni, usilisukume, kohoa tu kidogo, ao gonga chungu na mwiko. Nitajua ni wewe, nitaingia, tutakaa wawili, na mutu asiulize wa kwanza kulia ni nani.

Nisalimie wamama wote wa koro, mwambie yule anayeanzisha nyimbo chini kwamba asizoee sana nafasi hiyo. Salamu kwa jogoo, kama bado yuko. Na wewe dada Pascaline, najua umesimama nyuma ya mabega ya Mama unasoma: sina hasira nawe hata kidogo, aksanti kwa kilima chote ulichopanda. Tupikie sombe ya watu wengi.

Kaa na Mungu, Mama, na unisubiri.

Ni mimi mutoto wako wa mwisho,

Célestin